Mcheza Kwao Hutunzwa. Mwenye Khati Je?

Tukialikwa arusini mifuko yetu hufunguka yenyewe. Lakini kijana akija na barua ya kuomba ada ya kujifunza khati na kujalidi vitabu, ghafla kila mtu ana shida zake. Jambo hili limenikera siku nyingi, na leo nitalisema. Atakayekasirika na akasirike.

Hadhi ya kitabu sina haja ya kuwaeleza. Mola wetu mwenyewe ameapa kwa kalamu. Waliotutangulia walilielewa hilo. Itazameni misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ya karne ya 18 na 19. Karatasi ilitoka ng'ambo, lakini mkono ni wa hapa hapa: wino mweusi uliokolea, nakshi nyekundu na za manjano pembezoni, na chini ya ukurasa limetangulizwa neno linaloanza ukurasa unaofuata, msomaji asipotee. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Fundi yule alikaa chini ya mwalimu, na wakati anajifunza kuna mtu aliyemlisha.

Au mtazameni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945: malenga, mchonga nakshi, na bingwa wa khati. Waliomlipa kunakili tenzi ni akina nani? Ni Mwingereza William Hichens, ni Mjerumani Ernst Dammann, na wenzao. Kazi za mkono wake leo ziko London na Ujerumani. Siwalaumu walionunua; pengine bila wao mchwa wangekwisha kuzila. Nawauliza wenye mali wa pwani: wazee wenu walikuwa wapi, na ninyi leo mko wapi?

Mtaniambia kizuri chajiuza. Hakijiuzi hata kidogo! Wenzetu hukigharimia. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yalifunguliwa Illinois, Marekani, kisha yakapelekwa Washington na Los Angeles. Istanbul nako, tangu 1986, hufanywa mashindano ya khati ya kimataifa, na washindi hupewa fedha, si makofi. Chanda chema huvikwa pete. Sisi chanda tunacho. Pete tumempa mpiga muziki wa arusi.

Na hayo maonyesho machache tunayoyaandaa wenyewe, kwa nini lazima yamngoje mgeni rasmi? Watu wameketi tangu saa tatu, yeye anafika saa sita, anahutubia habari za barabara, anakata utepe, anapigwa picha, huyo! Hakufunua hata kitabu kimoja. Angetaka kufunua pia asingeweza, maana vimefungiwa kwenye kabati la vioo na mwenye ufunguo amekwenda mazikoni. Pilau ya msafara wake peke yake ingenunua ngozi na gundi ya kumtosha kijana mwaka mzima.

Lakini najua ninyi si wachoyo. Watu waliojenga misikiti na kuchimba visima kwa michango yao hawashindwi na ada ya mwanafunzi mmoja. Kila mwenye duka kubwa achukue kijana wake, amlipie mwalimu, karatasi, wino na ngozi mpaka aive, kisha amtafutie ukumbi aonyeshe kazi. Na siku hiyo anunue kwa bei ya haki, si kwa ile lugha yenu ya "nipunguzie, wewe si mwanangu?" Wala msiwasahau mabinti. Hao wanaowapaka maharusi hina na piko, maua membamba kama uzi bila kutetemeka, wanashindwa nini na nakshi ya ukurasa? Mkono wanao tayari. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwenye nia aanze wiki hii, na mwanafunzi mmoja tu. Ila nawaomba sana, kwa heshima zenu zote, msiunde kamati.