MAMBO YA NYUMBANI: Sanduku la Kufuli Tatu

Mwezi huu twataka kunena habari ya fedha ya mama wa nyumbani, maana katika nchi ya Tarime na Serengeti jambo hili lina uzito. Mama hulima mahindi, ulezi na mihogo, naye huuza ndizi sokoni. Lakini ng'ombe, ambao ndio akiba ya nyumba, kwa desturi ni mali ya mume. Basi mtoto akiugua usiku, mama hana pa kukimbilia ila kwa mkopeshaji, yule ambaye mkopo wake watu huuita "kausha damu".

Dawa ipo. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake wa Maradi, katika nchi ya Niger, kuweka akiba na kukopeshana wao kwa wao. Njia hiyo ilienea hata ikafika kwetu, na vikundi vya namna hiyo wengi huviita VICOBA. Huko Serengeti, katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi, viko pia viitwavyo COCOBA.

Kazi yake ni hii. Watu 15 hata 30 wanaojuana hukutana kila juma, na kila mmoja hununua hisa, tangu 1 hata 5. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, wala halifunguliwi ila mbele ya wote. Tuseme hisa ni shilingi 2,000, na mama hununua mbili kila juma. Baada ya majuma 10 ana 40,000, naye kwa kanuni ya mara tatu aweza kukopa 120,000. Riba aitoayo haiendi kwa mgeni. Hubaki sandukuni, na mwisho wa mwaka hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Tena tangu 2018 sheria yaziagiza halmashauri kutenga asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake walio katika vikundi, bila riba.

Lakini mkopo ni deni. Akopaye kwa ajili ya sherehe atalipa kwa machozi. Akopaye kwa ajili ya kuku au mbegu atalipa kwa mavuno. Na mume achukuaye fedha ya mkopo wa mkewe, akamwachia deni, ameiibia nyumba yake mwenyewe.

Enyi akina baba, fikirini neno hili: nyumba yenye akiba ya mama haina haraka ya kuhesabu ng'ombe wa mahari ya binti aliye bado shuleni. Sanduku peke yake haliondoi desturi ya kukeketa wala ndoa za mapema, bali humpa mama nguvu ya kusema, "Binti huyu na asome kwanza."

Nanyi waalimu, wasaidieni akina mama kusoma hesabu zao. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.