Fomu ya rufaa isivuke mpaka bila alama za mfupa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawana vituo vya umahiri vya tiba, Uganda ilipewa saratani, Kenya figo na Tanzania moyo. Ulikuwa mgawanyo wa busara, kwa kuwa hakuna nchi yetu inayoweza kumudu kila kitu peke yake. Lakini mgawanyo huo una maana moja isiyosemwa sana: mgonjwa atasafiri. Na kwa mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye mfupa wa paja, safari yenyewe ni hatari.

Saratani za matiti na tezi dume zikisambaa hupenda kwenda kwenye mifupa. Mfupa ulioliwa hausubiri ajali. Unaweza kukatika mgonjwa akiinuka kitandani au akishuka kwenye basi. Ukishakatika, haushikani kirahisi kama mfupa wa mtu mzima wa afya. Aliyekuwa anatembea analala, tiba ya saratani inaahirishwa, na ndugu mmoja anaacha kazi ili amuuguze.

Hatari hiyo inaweza kukadiriwa mapema, tena bila mitambo ya gharama. Mwaka 1989 daktari Hilton Mirels alichapisha kipimo cha mambo manne, kila moja likipewa alama 1 hadi 3. Kwanza ni mahali: mkono 1, mguu 2, eneo la juu ya paja karibu na nyonga 3. Pili ni maumivu: kidogo, ya wastani, au yale yanayozidi mgonjwa anapokanyaga. Tatu ni sura ya mfupa kwenye eksirei: umeongezeka ugumu, umechanganyika, au umeliwa na kubaki shimo. Nne ni ukubwa: chini ya theluthi ya upana wa mfupa, hadi theluthi mbili, au zaidi.

Jumla ikiwa 7 au chini, kwa kawaida mionzi na uangalizi vinatosha. Alama 8 ziliambatana na uwezekano wa kuvunjika wa asilimia 15, na 9 asilimia 33. Kuanzia 9, ushauri ni kuuimarisha mfupa kwa chuma kabla haujavunjika.

Chukua mfano wa mama mwenye saratani ya matiti. Ana shimo karibu na nyonga (3), anaumia akikanyaga (3), mfupa umeliwa (3), na shimo limefika nusu ya upana (2). Jumla ni 11. Huyu kupewa barua na nauli ya basi la usiku kucha si rufaa, ni kamari.

Wapo wataalamu watakaosema kipimo hiki kina kasoro, na ni kweli. Huwanyoshea kidole wengi ambao mifupa yao isingevunjika, na hakihusu uti wa mgongo, ambao una kipimo chake. Penye CT skani na daktari bingwa wa mifupa, uamuzi utakuwa bora zaidi. Lakini katika hospitali nyingi za wilaya zetu kinachoshindana na Mirels si CT skani. Ni kukisia tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Fomu ya rufaa ya saratani katika nchi zote wanachama iwe na nafasi ya alama hizo nne. Mgonjwa mwenye 8 au zaidi aonwe na daktari wa mifupa aliye karibu kabla ya kusafirishwa mbali. Na pale mionzi inapohitajika kutuliza maumivu tu, madaktari wakumbuke kwamba dozi moja ya Gy 8 hutuliza sawa na dozi nyingi, ingawa baadhi hulazimika kurudia. Kwa anayetoka nchi jirani, kwenda mara moja badala ya mara kumi ni nafuu kubwa.

Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Tulijifunza jinsi tunavyotegemeana. Mashine huhitaji mabilioni. Alama nne zinahitaji eksirei, kalamu na mawaziri wa afya walio tayari kukubaliana juu ya fomu moja.