Moyo Ukidunda, Wito Haujafa

Hutokea frateri akarudi kutoka likizo au mwaka wa uchungaji akiwa kimya. Amempenda binti. Halali vizuri, na katika tafakari ya asubuhi jina la mtu linamjia kabla ya Injili. Wengine hufungasha virago ndani ya wiki moja wakisema Mungu amewaonyesha njia nyingine. Wengine hulificha jambo hilo mpaka siku ya daraja. Kwa maoni yangu, wote wanaamua bila kujua kinachotokea mwilini mwao.

Mwaka 2005 Arthur Aron, Helen Fisher, Lucy Brown na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Walipiga picha za ubongo wa watu 17 waliozama katika penzi jipya. Kila mmoja alipoonyeshwa sura ya mpenzi wake, iliamka sehemu ya ndani ya ubongo yenye dopamini nyingi, kemikali inayotusukuma kukifuata tunachokitamani. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Donatella Marazziti wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, alipima damu ya watu 20 waliopenda karibuni. Kipimo kinachohusiana na serotonini kilikuwa kimeshuka, kama kwa wagonjwa wanaoandamwa na wazo moja lisilowatoka. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, hali ilikuwa imerudi kawaida.

Dopamini haina habari na kanzu. Ubongo wa frateri ni ule alioumbiwa na Mungu, na hakuna homoni inayozimwa siku ya ushemasi. Kwa hiyo kuvutwa na mtu si dhambi, wala si ufunuo. Ni habari njema kwamba kijana huyu ni mzima na anaweza kupenda. Ila habari si uamuzi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inasema ndoa hufanywa na ridhaa, nayo ridhaa ni tendo la utashi. Ikiwa hata ndoa haifungwi na mapigo ya moyo, mapigo hayohayo yatavunjaje wito?

Atakayesema hivi ni kuufanya upendo kuwa kemikali tu, namwambia hapana. Mvua ya kwanza huotesha mbegu na magugu pamoja. Mavuno yanataka jembe.

Kwa hiyo walezi walifundishe jambo hili mapema na waziwazi, na frateri anayesema ukweli asijibiwe kwa kuonyeshwa lango. Naye frateri amweleze baba yake wa kiroho, asiamue katika joto la mwanzo, ajipe mwaka mzima wa sala na kazi. Katika mwaka huo aache simu za usiku wa manane. Yule binti naye ana moyo na ubongo uleule. Kumlisha matumaini huku wewe unajipima ni kumdhulumu.

Mwaka ukiisha, akiona njia yake ni ndoa, aondoke kichwa juu, maana Kanisa linahitaji pia akina baba wema. Akibaki, atakuwa amebaki kwa hiari, akijua anachokitoa sadaka.