Tiketi ya Bure Haina "Ada Kidogo"

Agosti 2025, Wakenya wengi walikuwa na sababu ya kuangalia New York. Delacorte, ukumbi wa maigizo usio na paa ndani ya bustani ya Central Park, ulifunguliwa tena baada ya ukarabati. Mchezo ulikuwa Twelfth Night wa Shakespeare. Mwelekezi, Saheem Ali, alizaliwa Nairobi. Lupita Nyong'o aliigiza Viola, na ndugu yake Junior akaigiza Sebastian, pacha wa Viola. Kiswahili kilisikika jukwaani. Kiingilio? Bure.

Lakini bure si rahisi. Ukumbi una viti karibu 1,800, na wanaovitaka ni wengi zaidi. Njia ya zamani ni foleni: unafika bustanini alfajiri na kungoja hadi saa sita mchana, tiketi za onyesho la usiku huo zianze kutolewa, mbili kwa kila mtu. Njia nyingine ni bahati nasibu ya simu: unajiandikisha, unangoja ujumbe, ukikosa unajaribu siku nyingine. Tiketi nyingine hupelekwa mitaa iliyo mbali na Manhattan. Kuna pia viti vya watu wanaoichangia Public Theater, waandalizi wa maonyesho haya, na hilo linatangazwa wazi.

Penye foleni ndefu, mkora hakosi. Mwaka 2010, Al Pacino alipoigiza Shylock hapo, kulikuwa na matangazo mtandaoni ya kuuza tiketi hizo za bure na ya watu wa kukupangia foleni kwa malipo. Andrew Cuomo, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, alitaka matangazo hayo yaondolewe.

Wako watakaouliza: ubaya uko wapi? Mmoja ana pesa hana muda, mwingine ana muda hana pesa. Si wabadilishane tu?

Sisi kazi yetu ni malipo, na bado hatukubaliani na hilo. Kwenye tiketi ya bure, foleni ndiyo bei, na saa moja ya tajiri ni sawa na saa moja ya mlinzi aliyetoka Bronx kabla ya jua kuchomoza. Pesa ikipenya kwenye foleni, mlinzi ndiye anasukumwa nyuma. Onyesho limeshalipiwa na wafadhili na pesa za umma ili naye aone. Anayeliuza tena anauza kitu ambacho si chake.

Na usifikirie haya ni mambo ya Marekani tu. Hapa kwetu ujumbe ni ule ule: "Hongera! Umepata tiketi ya bure. Tuma 200 za usajili." Leo ni tamasha, kesho ni basari, kesho kutwa ni kazi ng'ambo. Kiasi huwa kidogo makusudi, ndio usione haja ya kuuliza maswali.

Kwa hivyo, kabla hujatuma:

- Jiulize: kama ni bure, hii ada ni ya nini? Kinachodai ada si bure tena.
- Tafuta tangazo la waandalizi wenyewe. Kiungo ulichotumiwa kwenye grupu si ushahidi.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiona jina la mtu binafsi badala ya la waandalizi, simama hapo hapo.
- PIN yako usimpe mtu, hata akisema anakusaidia kupokea zawadi.
- Ukishatuma na ushtuke, piga simu huduma kwa wateja mara moja. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kibarua.

Ukikosa tiketi ya bure, umekosa burudani ya jioni moja. Ukiinunua kwa mkora, umekosa burudani, pesa zimeenda, na yeye amepata sababu ya kumtafuta jirani yako kesho.