Mshahara wa Mkaanga Viazi

Wako watu Marekani wasemao ya kwamba mkaanga viazi katika mikahawa ya chakula cha haraka hastahili mshahara wa kumtosha kuishi, kwa kuwa kazi yake haitaki ujuzi. Twauliza: je, mwenye nyumba humpunguzia kodi ya chumba kwa sababu hiyo?

Kima cha chini cha serikali kuu ya nchi ile ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na Mississippi haina kingine. Afanyaye kazi saa 40 kila juma, asiugue hata siku moja, hupata dola 15,080 kwa mwaka. Upungufu hulipwa na nani? Mwaka 2020 wakaguzi wa Bunge lao waliwakuta wafanya kazi wa McDonald's miongoni mwa wapokeao msaada wa chakula wa serikali. Basi raia humalizia mshahara, na tajiri huchukua faida.

Wafanya kazi wa New York waligoma Novemba 2012 wakidai dola 15. California iliamuru dola 20 kuanzia Aprili 1, 2024, kwa makampuni yenye mikahawa 60 au zaidi. Bei zilipanda kidogo, na juu ya kazi zilizopotea wataalamu wangali wakibishana. Lakini mnunuzi wa huko walau hulipia chakula alichokula mwenyewe.