Asiye na Daftari Hutozwa kwa Kukisiwa

Ndugu wananchi, wako watu miongoni mwetu wasemao kwamba kuandika hesabu ni kazi ya wenye maduka makubwa, na kwamba fundi cherehani, mama lishe na mwuza nyanya hawana haja ya daftari. Maneno hayo ni sumu. Yanawafilisi wale wale yanaodai kuwatetea.

Wajerumani walipotangaza kodi ya vibanda mwaka 1897 hawakuuliza mtu amevuna nini. Walihesabu mapaa. Mwenye mavuno na mwenye njaa walidaiwa sawasawa, na aliyekosa rupia alilipa kwa jasho. Tulipodai kujitawala tulidai pia kukoma kuhesabiwa kama mbuzi zizini. Sasa nauliza: mtu huru anayekaa bila kuandika, akamngoja afisa aje kutazama rafu zake na kumkisia, ana tofauti gani na yule aliyehesabiwa paa?

Tutazame hesabu yenyewe. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilimwachia bila kodi ya mapato mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka. Kutoka hapo hadi 7,000,000, asiye na kumbukumbu alitakiwa Sh. 100,000, mwenye kumbukumbu alitakiwa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4. Basi mwenye daftari aliyeuza 5,000,000 alidaiwa Sh. 30,000, na jirani yake aliyeuza kiasi hicho hicho bila daftari alidaiwa 100,000. Shilingi 70,000 zimekwenda! Hakuziiba mgambo wala karani. Zimeliwa na ukosefu wa daftari la shule.

Tena kodi hiyo hutazama mauzo, haitazami faida. Chukueni mwuza nyanya aliyeuza Sh. 10,000,000, naye akatumia 8,000,000 kwa kununua mzigo, kukodi gari, kulipa pango na ujira wa kijana wake. Kimebaki 2,000,000. Kwa viwango vile vya 2019 asiye na kumbukumbu alidaiwa 250,000, na mwenye kumbukumbu 180,000. Walakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilimpa ruhusa kujitoa katika kodi ya mauzo, achague kutozwa kwa faida baada ya gharama za biashara kutolewa. Na kwa viwango vya 2020, faida isiyozidi Sh. 3,240,000 kwa mwaka haikutozwa kitu. Mtu huyo hakupaswa kudaiwa hata senti! Lakini nani atamsadiki bila stakabadhi? Naye ajihadhari: chakula cha nyumbani na karo ya watoto si gharama za biashara, na anayevichanganya anajitia kitanzi mwenyewe.

Hatumwambii mtu akwepe kodi. Kodi ndiyo dawa ya zahanati na dawati la mtoto, na anayeficha mauzo anamwibia jirani yake. Tunachodai ni kwamba kila mmoja alipe anachopaswa, asizidishiwe kwa kutojua.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ujinga wa raia. Desemba 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo viligawiwa mikoani, kila kimoja Sh. 20,000, vikawafikia watu hadi magengeni. Kama kitambulisho chenye bei kiliweza kufika gengeni, kwa nini jedwali la kodi lisibandikwe kwenye lango la kila soko, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na haki ya kuchagua? Afisa anayekisia bila kueleza anaendeleza desturi ya kuhesabu mapaa.

Basi, ndugu zangu, tusingoje. Leo hii nunua daftari, pigia mistari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Stakabadhi zifunge kwa uzi, mwezi kwa mwezi. Bunge huzungumza bajeti kila Juni na viwango huweza kubadilika. Kaulizeni vya mwaka huu, mwandikiwe. Nanyi mliosoma, ketini na mama lishe saa moja kwa juma mkamfundishe kujumlisha. Hiyo ndiyo kazi ya taifa, si hotuba peke yake.

Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeandika ataulizwa. Asiyeandika atakisiwa.