Usiitupe Kompyuta Bado!

Kompyuta ya mtumba bado inadunda? Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na wajanja wakakimbilia Linux, ya bure. Poa, lakini usikurupuke! Debian 13, Linux iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli, yaani moyo wa mfumo, kwa mashine za biti 32. Inataka 64. Draiva nazo ni kama kivuko cha Kilombero kabla ya daraja lililozinduliwa 2018: kikikosekana, printa iko ng'ambo, wewe huku. Kwa hiyo, ijaribu kwanza kwenye flashi, bila kufuta kitu kwenye kompyuta. Printa ikitema karatasi, ndipo uiweke jumla.